Kutoka Mbugangari Kwenda Kuitazama Barafu

Asubuhi moja ya mwezi wa Novemba, baada ya usiku mzima wa mvua na radi, watoto wa mtaa wetu wa Mbugangari, hapa Gisenyi, walisimama juu ya mawe meusi ya volkeno wakitazama upande wa kaskazini-mashariki. Kilele cha Karisimbi, ambacho siku nyingi za mvua hujifunika mawingu tangu alfajiri, kilikuwa wazi, nacho kilikuwa cheupe kama shuka iliyotiwa buluu ikaanikwa. Kitinda mimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 8, alikuwa ametumwa mkate. Alirudi mbio, mkate umempondeka kwapani, akapiga kelele toka mlangoni: "Baba, barafu imefika Rwanda!"

Ubishi ukaanza papo hapo. Jirani yetu mmoja, sajenti aliyekuwa likizoni, alikuwa amepita kutusalimu. Alisema kwamba yeye amepata kulala katika milima ile kwa kazi, na kwamba maji yaliganda ndani ya chupa yake usiku. Kwa hiyo barafu ipo, na asiyeamini aende. Mama watoto alijibu kwamba kama barafu ingekuwapo tungeiona kila siku, maana mlima hauhami. Mimi, kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuingia kazi ya ofisi, nilitazamiwa kutoa hukumu. Nikafanya kosa wanalolifanya walimu wengi wanapobanwa na swali: niliahidi. Nilisema kwamba Jumapili tutapanda wote Mlima Rubavu, tuitazame Karisimbi kutoka juu, na kila mtu aone kwa macho yake.

Makala haya ni habari ya ahadi hiyo, na ya ahadi ya pili iliyozaliwa na ile ya kwanza. Nimeyaandika nikizifikiria hasa familia za askari na polisi, ambazo mara nyingi baba au mama huwa mbali kwa miezi mingi, na likizo inapofika hupotea sebuleni kwa sababu hakuna aliyepanga waende wapi.

MLIMA ULIO NYUMA YA NYUMBA

Mlima Rubavu, wenye jina moja na wilaya yetu, unasimama karibu kabisa na mji wa Gisenyi. Wakubwa wanakumbuka wakati mteremko wake ulipojaa nyumba zilizong'ang'ania udongo kama kupe. Wakazi wake walihamishwa kwa kuwa palikuwa mahali pa hatari, na miti ikapandwa. Leo mtu hupanda chini ya kivuli. Si mlima wa kutisha. Mama mwenye mtoto wa kushika mkono aweza kuupanda akipumzika mara kwa mara, ilimradi njia isiwe imeloa, kwani udongo wetu ukilowa huteleza kama sabuni.

Ukiwa juu unaliona Ziwa Kivu lote la upande huu, na chini yako Gisenyi na Goma zimeungana hata mgeni hawezi kujua mpaka unapita wapi. Kaskazini ni Nyiragongo, mita 3,470, pamoja na moshi wake. Watoto hawakuhitaji kuelezwa mengi juu ya mlima huo. Wakubwa wa mtaa wanakumbuka Januari 2002, moto ulipopita katikati ya Goma hadi ziwani na maelfu kwa maelfu ya watu wakavuka kuja kwetu. Na Mei 2021 hata mtoto wa shule aliisikia ardhi ikitetemeka na kuziona kuta zilivyopasuka.

Lakini sisi tulikuwa tumeifuata Karisimbi, na hapo ndipo nilipoaibika. Usiku wa Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha tena, na alfajiri kilele kilikuwa cheupe. Uji, kiatu kimoja kilichopotea, na ibada ya asubuhi, vyote vilitia mkono katika kutuchelewesha. Tulipofika juu ilikuwa saa tano kasoro. Karisimbi ilikuwa pale, wazi, kubwa, na nyeusi. Weupe wote ulikuwa umekwenda. Watoto walinitazama kama watu waliouziwa kuku aliyekufa.

Jina lenyewe lingalitosha kutufundisha. Wazee husema Karisimbi latokana na isimbi, neno la Kinyarwanda la kombe dogo jeupe, kwa sababu ya weupe unaoonekana kileleni baadhi ya asubuhi. Weupe huo ni mvua ya mawe na theluji iliyoanguka usiku. Huko juu usiku ni baridi ya kugandisha maji, kama alivyosema sajenti wetu kwa ukweli, lakini jua la ikweta likishapanda, kila kitu huyeyuka. Karisimbi ina kimo cha mita 4,507. Ni mlima mrefu kuliko yote katika Rwanda, na hata hivyo haufikii kimo kinachotakiwa ili theluji ya leo ikutane na ya kesho, ishindiliwe mwaka hata mwaka, iwe barafu ya kudumu.

Wala mtu asidhani kwamba weupe usiodumu ni mchezo. Mwaka 1908 msafara wa Wajerumani uliokuja kuchunguza milima ya Virunga ulikumbwa na dhoruba ya theluji na mvua ya mawe juu ya Karisimbi, na wapagazi 20 wakafa kwa baridi. Walikuwa watu wenye nguvu, waliozoea mizigo, lakini nguo zao zilikuwa za nchi ya joto nazo zilikuwa zimelowa. Mtu aliyelowa, upepo ukimpiga, hupoteza joto upesi kuliko anavyofikiri, na akishaanza kutaka kukaa chini na kulala yumo hatarini. Nawaomba akina mama walishike jambo hili, kwani litarudi tutakapofika kwenye orodha ya nguo.

BARAFU YENYEWE IKO WAPI?

Tulipokuwa tukishuka, binti yetu mkubwa aliuliza swali ambalo nililitarajia: kama hapa hakuna barafu, iko wapi? Katika Afrika nzima, barafu ya kudumu imebaki juu ya milima mitatu tu, na yote mitatu iko katika jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, na yote imepita mita 5,000. Ruwenzori, kati ya Uganda na Kongo, ina mita 5,109. Mlima Kenya una mita 5,199. Kilimanjaro, mita 5,895. Ruwenzori ndio ulio karibu nasi zaidi, lakini barafu yake imejificha nyuma ya mabonde na matope, na kuifikia ni safari ya siku kadhaa isiyofaa watoto. Mlima Kenya wenyewe waweza kutazamwa kwa mbali kutoka Nanyuki siku ya anga safi. Kilimanjaro peke yake ndio wenye njia ya msituni ambayo familia yaweza kuitembea kwa siku moja, ikaitazama Kibo, na kurudi kulala kitandani.

"Basi twende huko," alisema kitinda mimba, kama mtu anayesema twende dukani.

Kwa bahati njema shemeji yangu, kaka wa mama watoto, anaishi Himo, mji mdogo ulio chini ya Kilimanjaro, na kwa miaka mingi alikuwa akitualika. Tuliweka kibubu. Kila mtu alitia alichoweza, na mama watoto, ambaye hakuwa ameshawishika kwamba kuna haja ya kusafiri siku mbili kwenda kutazama maji yaliyoganda, ndiye aliyekilinda kisivunjwe kabla ya wakati. Mwezi wa Agosti, shule zilipokuwa zimefungwa, tulipanda basi hadi Kigali, na kutoka huko tukapita Rusumo, Kahama, Singida na Arusha. Sitaieleza safari hiyo. Ni ndefu, na mwenye kuijua anaijua.

Jambo moja tu niseme. Kiswahili cha kwetu mpakani ni cha sokoni, hakina adabu nyingi. Kule watoto wetu walipokelewa kwa kuulizwa kama hawajui kuamkia. Siku ya pili walikuwa wakimwamkia kila mtu "shikamoo", hata kijana wa kuuza maji aliyewazidi miaka mitatu.

KUPITIA MSITUNI

Njia tuliyoitembea huanzia lango la Marangu, ambalo liko kiasi cha mita 1,870 juu ya usawa wa bahari. Huishia, kwa watu kama sisi, kwenye vibanda vya Mandara, mita 2,720. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 8 kwenda na zingine kama hizo kurudi, na wanaopanda kilele hulala hapo usiku wa kwanza tu. Vibanda hivyo zamani viliitwa kwa jina la Bismarck. Sasa vina jina la Mandara, mangi wa Moshi aliyejulikana sana katika karne ya 19.

Shemeji alikuwa ametutafutia mwongozaji, mzee wa Kichaga ambaye hakutaka haraka. Tulikuwa langoni kabla ya saa mbili asubuhi, maana nilikuwa nimekwisha kujifunza kwa Karisimbi. Kitinda mimba alimwamkia: "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu," alijibu mzee, akamtazama miguu. Kisha akanigeukia: "Baba, hivi viatu vya mtoto havijavunjwa. Vitamla." Kweli vilikuwa vipya, tumevinunua soko la Mbugangari kwa ajili ya safari, na tulikuwa tumejivunia kuvitunza ndani ya boksi. Mzee alimfunga vidole kwa vitambaa alivyotoa mfukoni, na hiyo ndiyo sababu tuliweza kufika.

Njia ni pana, imetunzwa, na hupanda pole pole. Kwa saa ya kwanza miti ni mirefu mno hata jua huja vipande vipande. Shina na matawi yamevikwa ndevu za kijani zinazoning'inia kama za wazee wa zamani, na kila mahali maji yanasikika hata yasipoonekana. Tulikutana na mbega, wale kima weusi wenye mashuka meupe mgongoni na mkia mrefu mweupe, wakila majani bila kutujali. Kando ya njia, mahali penye unyevu, huota ua dogo jekundu lenye mkia wa manjano uliopinda. Mzee alituambia lisichumwe, kwa kuwa Mungu hakulipanda penginepo duniani. Niliona watoto wakitembea wameweka mikono mfukoni kwa kuogopa kuligusa.

Nusu ya njia pana mahali pa kupumzika. Wenye watoto wadogo zaidi waweza kuishia hapo na wasione haya, kwani msitu wenyewe unatosha. Sisi tulikunywa chai ya chupa, tukala chapati na mayai, tukaendelea.

Kilichonitia wasiwasi ni ukungu. Kuanzia saa nne ulianza kuteremka katikati ya miti kama moshi wa jikoni, na kila tuliyekutana naye akishuka alisema kwamba juu hakuonekani kitu. Tulifika Mandara saa tano na nusu katika weupe ambao haukuwa barafu. Binti yangu alikaa kwenye ngazi ya kibanda asiseme neno. Nilifikiri juu ya kibubu, juu ya siku mbili za basi, na juu ya ile Jumapili ya Mlima Rubavu, nikajua kwamba wakati huu nisingeweza kujitetea kwa jina la Kinyarwanda.

Mzee hakutuacha tule. Alisema tutakula baadaye, kwanza twende Maundi. Maundi ni shimo la volkeno ya zamani iliyokufa, mwendo wa robo saa au zaidi kidogo kutoka vibandani, mahali msitu unapoishia na vichaka kuanza. Tukapanda ukingoni, tukakaa juu ya majani, kila mmoja amejifunika alichonacho. Tulikaa karibu saa nzima. Mama watoto ndiye aliyeona kwanza. Hakusema, alinyoosha kidole juu, juu zaidi ya mahali tulipokuwa tukitazama sote.

Ukungu ulifunguka kama pazia. Kulia kulikuwa na Mawenzi, uliokatikakatika kama taya la mamba. Kushoto, mbali na juu, kuba la Kibo. Nilikuwa nimetazamia mlima mweupe wa kwenye kalenda. Agosti ni kiangazi, theluji mpya hakuna, na Kibo lilikuwa la rangi ya udongo na jivu. Upande wake wa kushoto, karibu na ukingo, kulikuwa na vipande vyeupe vimelala kama nguo zilizosahauliwa kambani. Hiyo ndiyo barafu. Hiyo iliyobaki.

"Ni hiyo tu?" aliuliza kitinda mimba.

"Ni hiyo, mjukuu wangu," alisema mzee. "Nilipoanza kazi hii ilishuka mpaka pale." Akaonyesha kwa fimbo yake, chini sana, mahali penye mwamba mtupu. Baada ya dakika kama kumi pazia likafungwa, na halikufunguka tena siku hiyo.

SITA KATI YA SABA

Niliporudi Himo nilitafuta hesabu zake, kwa kuwa jambo lililoonwa kwa dakika kumi lataka kuthibitishwa. Mwaka 1912, ilipopimwa kwa mara ya kwanza kwa ramani nzuri, barafu ya Kilimanjaro ilifunika kilomita za mraba 12. Mwaka 1953 zilikuwa zimebaki 6.7, mwaka 1976, 4.2, mwaka 2011, chini ya 1.8. Kama ingekuwa mkate uliokatwa vipande saba, sita vimekwisha kuliwa, na wanaokula hawajaondoka mezani.

Wasomaji wetu walio jeshini huenda wakapenda kuilinganisha na tarehe nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge juu ya kilele kile ambacho sasa chaitwa Uhuru. Barafu aliyoiona afisa yule ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hii tuliyoiona sisi. Afisa kijana wa leo akitumwa kazi kama ile angetembea sehemu kubwa juu ya changarawe.

Watu wengi husema upesi: ni joto la dunia. Joto limo, lakini habari ni ndefu kuliko hivyo, nayo yafaa kuelezwa watoto kwa usahihi. Kileleni kwenyewe hewa bado ni ya baridi kali, chini ya kiwango cha maji kuganda karibu wakati wote. Barafu ile imepungua tangu mwishoni mwa karne ya 19, hewa ilipoanza kuwa kavu na theluji mpya ikawa haba. Theluji mpya ni nyeupe, hulirudisha jua lilikotoka. Isipokuwapo, barafu ya zamani yenye vumbi hulinywa jua, na nyingi hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Mama wa nyumbani mwenye friji amekwisha kuliona jambo hili: kipande cha barafu kilichosahauliwa ndani kwa miezi hupungua ingawa hakikuyeyuka. Kuongezeka kwa joto la dunia kumekuja juu ya hayo, na kumefunga mlango wa matumaini.

Mwaka 2002 mtaalamu wa Marekani, Lonnie Thompson, ambaye pamoja na wenzake alitoboa barafu ile ili kuisoma umri wake, aliandika kwamba yaweza kwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita nayo bado ipo, na wenye kupenda kuwacheka wataalamu walicheka. Novemba 2022, shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya inatazamiwa kutoweka ifikapo 2050. Mwaka huo kitinda mimba wetu atakuwa mtu mzima, huenda ana watoto.

Tulipokuwa tukishuka, binti yangu aliuliza: barafu ikiisha, watu wa Moshi watakunywa nini? Ni swali la maana, na jibu lake lilinishangaza. Maji ya mito na mifereji ya Wachaga hutoka kwa sehemu ndogo sana katika barafu. Hutoka katika ule msitu tulioupita, unaoipokea mvua, unaoukamua ukungu kwa zile ndevu zake, na kuyatoa maji kidogo kidogo mwaka mzima. Moto unaoteketeza miti ya ukingo wa juu ni hasara kubwa kwa maji kuliko kupungua kwa barafu. Tangu mwaka 2005 msitu huo umetiwa ndani ya hifadhi ya taifa, na ni jambo la kupongezwa.

Kwa mtu wa Rubavu jibu hilo si la mbali. Miaka ya 1970 msitu wa Gishwati, ulio juu yetu, ulikuwa na hekta zipatazo 28,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimesalia kama 600. Sasa miti inarudishwa, na mabaki yake pamoja na msitu wa Mukura ni hifadhi ya taifa tangu 2015. Lakini mti haukui kama mahindi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha, mto Sebeya ukaacha njia yake ukaingia majumbani, na katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini watu zaidi ya 130 walikufa. Mvua ilikuwa kubwa mno, hapana shaka. Lakini kila mkulima ajua kwamba mteremko usio na mti haushiki maji. Binti yangu, ambaye alikuwa anayakumbuka maji yale kwa sababu rafiki zake wawili wa shule walipoteza nyumba, hakuuliza tena. Alitembea akiitazama miti kwa namna nyingine.

KWA WENYE KUPANGA LIKIZO

Nenda Januari na Februari, au kuanzia Julai hadi Septemba. Machi hadi Mei ni masika, njia ni tope. Mtu wa Rwanda achukue pasi ya kusafiria, na asisahau kuionyesha langoni, kwa maana mwananchi wa Afrika Mashariki hulipa ada ndogo sana kuliko ile ya wageni wa mbali, na watoto hulipa pungufu. Ni vizuri mwongozaji apange malipo mapema. Asiye na fedha ya lango asikate tamaa: Kibo huonekana bure kutoka Moshi au Himo, alfajiri, kabla ya mawingu. Shemeji yangu huitazama kila siku akipiga mswaki.

Juu ya nguo, hapa nawarudia akina mama. Kila mtoto awe na sweta mbili, moja mwilini na moja ndani ya mfuko usiopitisha maji, uliofungwa, isiguswe mpaka ile ya kwanza ilowe. Koti la mvua ni bora kuliko mwavuli. Kofia ya sufu, soksi za ziada. Vyote hivi hupatikana sokoni Mbugangari katika mitumba kwa bei ya mtu wa mshahara mdogo, nasi tulinunua huko. Viatu vivaliwe nyumbani wiki tatu kabla. Chakula kiwe kile watoto walichokizoea. Sisi tulichukua chapati, mayai, viazi vya kuchemsha na ndizi mbivu, na viazi ndivyo vilivyopendwa zaidi kwa baridi ile. Maji yawe mengi. Mtoto akiumwa kichwa au kutapika, asibembelezwe apande. Ashushwe, naye atapona njiani.

Na muende mapema. Sisi tulipata dakika kumi. Waliofika Maundi baada yetu hawakupata hata moja.

Novemba iliyofuata, usiku ukanyesha mawe, na asubuhi Karisimbi ikawa nyeupe tena. Sajenti alikuwa amerudi likizo, akapita kama kawaida yake, akamwonyesha kitinda mimba kilele kwa kidole: "Unaona? Barafu yako ile." Mtoto alitoka nje na kikombe cha uji, akatazama kidogo. "Shikamoo, baba mdogo," alisema. "Ile ni mvua ya mawe. Saa nne itakuwa imekwenda." Sajenti alicheka, akakaa. Baada ya muda akaniuliza nauli ya kutoka Kigali mpaka Moshi kwa watu watano ni kiasi gani, akaanza kuhesabu kwa vidole siku zake za likizo zilizobaki.